Kilo za Bi Ashura

Siku ya nne Bi Ashura alikataa hata uji. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, na kila aliposogezewa kijiko alikisukuma kwa mkono. Zulfa, mlezi wake katika makao ya wazee kule Ufukoni, alijua ni gego. Bibi mwenyewe hakujua. Maumivu aliyasikia, ila kila mara alisahau yanatokea wapi.

Wakatoka kutafuta daktari wa meno. Kliniki ya kwanza mlango ulikuwa mwembamba, kiti cha magurudumu kikagoma kupita. Ya pili walisema mwenye maradhi ya kusahau hawezi kutia sahihi ya kung'olewa jino, aje na mtu wa damu yake. Bi Ashura hakuwa na mtu wa damu. Alikuwa na Zulfa. Ya tatu, pale Chuno, walikubali Zulfa atie sahihi, lakini chumba cha meno kilikuwa ghorofani. Zulfa alizitazama zile ngazi, roho ikamuuma kwelikweli.

Karani wa mapokezi, Anold, alitakiwa kuandika uzito kwa ajili ya sindano ya ganzi. Mzani wao ni wa kusimama, naye bibi hasimami, hivyo akauliza kwa mdomo.

"Shikamoo, bibi. Una kilo ngapi?"

Bi Ashura alilima korosho Kitaya miaka arobaini. Kusikia kilo, akajiona yuko kwenye foleni ya mzani wa wanunuzi wa korosho, gunia miguuni.

"Mnaniuliza mie? Si nyie ndio mnaokata? Jana kilo mbili eti unyevu, leo tatu eti mchanga. Haya, kateni zote! Andika sifuri, mie niende zangu."

Nyuma yake walisubiri watu kumi na wawili. Anold akaandika sifuri.

Bi Ashura akainuka kutoka kitini taratibu, akaelea hewani, akiwa amekaa vilevile, magoti yamekunjwa. Zulfa akawahi kushika pindo la kanga yake.

"Angalia asigonge taa," alisema mama mmoja, akasogea kuwapisha.

Zulfa akapanda ngazi akimvuta kwa kanga. Bibi alikuwa akicheka, na Zulfa naye akacheka, furaha tupu. Juu, Daktari Salma alimfunga kwenye kiti kwa kanga ileile. Dozi ya kilo sifuri haikuwemo kitabuni, akakadiria. Gego likatoka kwa dakika sita.

Walipoteremka, Bi Ashura alikunywa mabakuli matatu ya uji hapo hapo uani. Kufikia la tatu, kiti kilikuwa kinalia chini yake kama kawaida.

Wiki iliyofuata kliniki ilibandika tangazo penye ngazi: WAGONJWA WA VITI VYA MAGURUDUMU WAANDIKISHE KILO SIFURI. Zulfa akalisoma kwa moyo mkunjufu, maana safari hii alikuwa amemleta Mzee Idrisa, fundi cherehani mstaafu asiyetembea, aliyekesha siku mbili kwa jino.

"Kilo ngapi, mzee?" aliuliza Anold.

"Sifuri," akajibu Mzee Idrisa, kama tangazo lilivyoagiza.

Anold akamwangalia vizuri. "Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Sasa mzee wangu, akili zako timamu, unanidanganya nini?" Akaandika sitini na nane, akamwonyesha ngazi.