Sauti Zilizoambiwa Zisubiri

Chuoni walimwita Mama Foleni, na jina hilo alilipata kihalali. Tangu ashike ukuu wa kitengo cha teknolojia, kila aliyeingia ofisini kwake kuomba kompyuta, mtandao au mfumo mpya alitoka na jibu lilelile. Awe profesa, awe mlinzi wa geti, aliambiwa ombi lake litaingia kwenye foleni, kamati italipima pamoja na mengine, atajulishwa. Wapo waliomnunia, lakini wengi walimheshimu. Mkuu aliyemtangulia alikuwa ameondolewa kwa aibu, baada ya kubainika kwamba idara ya shemeji yake ndiyo iliyokuwa ikipata kila kitu kipya huku wenzao wakiambulia ahadi. Siku aliyokabidhiwa ofisi, Mama Foleni alijiapiza moyoni kwamba yeye hatasemwa hivyo.

Tatizo ni kwamba na yeye alikuwa na ndugu chuoni. Kaka yake, wa baba mmoja na mama mmoja, ndiye aliyekuwa mtunza sauti katika jengo la zamani nyuma ya maktaba. Ujana wake wote mtu huyu aliumalizia vijijini, kinasa sauti begani, akiwarekodi wakunga, wahunzi na waimbaji, watu waliojua maneno ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Kanda zenyewe zilishaliwa na ukungu zikatupwa. Kabla hazijaoza alikuwa amezihamishia zote kwenye kompyuta moja kubwa, kuukuu, iliyokuwa ikinguruma kwenye kona ya chumba chake kama jokofu bovu. Kila mwaka aliomba sauti hizo zitolewe humo, ziwekwe kwenye mitambo mipya ya chuo, na nakala yake ikae mahali pengine.

Safari hii ombi lake lilifika mbele ya kamati, ambayo Mama Foleni ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake, pamoja na mfumo wa matokeo ya mitihani uliokuwa ukizimika kila muhula, mtandao wa mabweni, na milango ya kufunguliwa kwa kadi. Matokeo ya mitihani yalipita bila ubishi, mabweni vilevile. Fedha zikabaki za kutosha mradi mmoja tu. Mkutubi mkuu, mama mpole asiyependa makuu, akasema kwamba milango inaweza kuendelea kufungwa kwa kufuli mwaka mmoja zaidi, ila sauti zile zikipotea hakuna duka la kwenda kuzinunua. Wajumbe wakaanza kuelekea upande wake.

Hapo mhasibu akatabasamu, akasema kumbe hata Mama Foleni ana wa kwao. Alikuwa anatania tu. Watu wakacheka, na Mama Foleni naye akacheka, lakini alimkumbuka mkuu aliyemtangulia. Utaratibu ulimtaka atoke nje mradi wa ndugu yake unapojadiliwa. Hakutoka. Alisema, kwa sauti yake kavu ya kazini, kwamba mradi wa sauti unahudumia watu wachache mno, mashine ipo na inafanya kazi, kwa hiyo unaweza kusubiri. Mkutubi akainamia karatasi zake. Kadi za milango zikachukua nafasi. Wakati wa kutoka, mhasibu alimpa mkono akamwambia chuo kimepata kiongozi.

Kaka mtu hakugomba. Alikuwa mtu wa kumeza machungu, tangu utotoni. Walipokutana ngazini alimwambia kumbe foleni ya mdogo wake ni ndefu kuliko ya hospitali, akamuulizia watoto, wakaachana.

Mvua zilipoanza, umeme ulikatika mchana mmoja ukarudi kwa kishindo. Kwenye jengo la zamani taa zilipasuka, na ile kompyuta ikanyamaza. Mama Foleni alipeleka mafundi wake wote. Waliposhindwa, akaita wataalamu wa nje, wakaondoka na mashine, wakakaa nayo hadi watu wakaanza kukata tamaa. Walichorudisha kilikuwa makombo: kikohozi, nusu ya wimbo, mtu akiuliza kama chombo kimewashwa. Mengine yote yalikuwa yamekwenda.

Alikwenda mwenyewe kumpa kaka yake habari hiyo. Alimkuta amekaa kwenye kiti chake, ameielekea kona tupu. Alimweleza kila kitu bila kupunguza, naye akasikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Nikuulize kitu, mdogo wangu," akasema. "Ningekuwa mtu baki, ungeniweka wapi kwenye hiyo foleni?"

Angeweza kumjibu kwa lugha ya kamati, maana aliijua vizuri. Lakini aliyemuuliza ni mtu aliyemshika mkono siku ya kwanza ya shule.

"Juu," akasema. "Ningekuweka juu, kaka."

Kaka aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokwisha kulijua.

Baada ya hapo ndipo Mama Foleni alipojua habari za fundi cherehani. Mkutubi ndiye aliyemwambia. Kulikuwa na mwanamke mwenye kibanda cha kushona karibu na soko, ambaye marehemu mama yake, mkunga, alikuwa miongoni mwa waliorekodiwa. Kila dunia ilipomwelemea alikuja chuoni, akavaa vifaa vya kusikilizia masikioni, akakaa na mama yake kidogo, kisha akarudi kazini. Tangu mashine ife alikuwa amekuja tena na tena, na kila alipokuja mtunza sauti alimwambia iko kwa fundi. Mtu ambaye hakuwahi kudanganya maishani alikuwa anadanganya uzeeni kwa kukosa moyo wa kusema.

Mama Foleni akapiga moyo konde, akaenda sokoni. Alimkuta mwanamke huyo akipinda sketi za shule, mdomo umejaa pini. Alijitambulisha, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akamwambia kwamba sauti ya mama yake haipo tena.

Yule fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Nilishaanza kuisahau," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakuja." Akainua macho. "Mlijua inaweza kuharibika?"

"Tulijua. Kaka yangu alisema kila mwaka. Mimi ndiye niliyesema isubiri."

"Ilisubiri nini?"

Mama Foleni alifikiria ile milango. Ilikuwa imeshawekwa, inawaka taa ya kijani ukiigusisha kadi, wanafunzi wanaipenda. Akamwambia ukweli: ilisubiri milango.

Mwanamke hakulia wala hakupandisha sauti. Aliuvuta mshono chini ya sindano, akaushika kwa vidole viwili. "Basi nenda, dada. Sina neno." Mguu ukaanza kukanyaga, cherehani ikalia, na Mama Foleni akajua kwamba ameruhusiwa kuondoka, basi.

Kaka yake aliomba kustaafu kabla ya wakati. Mama Foleni naye alijitoa kwenye uenyekiti wa kamati. Watu walidhani amechoka, wakamsifu tena kwa kuachia madaraka kwa hiari, na hakuwa na nguvu za kuwasahihisha. Kila Jumapili aliendelea kwenda kumsalimia kaka yake. Wifi alitenga chai, watoto wakasumbuana uani, mazungumzo yakaenda: hali ya hewa, magoti ya kaka mtu, bei ya mabati. Kaka yake hakumkosea adabu hata mara moja, wala hakuirudia ile habari. Ila utani ulikuwa umekwisha, na siku hizi akimkaribisha mlangoni alimwita Mkuu.

"Karibu, Mkuu," alisema, akimsogezea kiti kizuri.

Naye alikaa, akashukuru, akapokea kikombe kwa mikono miwili.