Koti la Bi Mdogo

"Halipiti," alisema Fundi Tepu, amesimama katikati ya uchochoro na mikono ameitanua kama anayezuia mbuzi. "Nimelipima mwenyewe. Mkijenga ngazi hapa, gari langu halitoki tena."

Mama Redio, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alijishika kiuno. "Basi lisitoke. Kwani likitoka linakwenda wapi? Linazunguka mtaa, linarudi, linapanguswa. Mwanangu anaoa, Fundi. Unataka mkwe wangu apande chumbani kwake kwa kamba?"

Mwashi aliyeletwa na Mama Redio alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali, anakunywa chai. Akasema tena kwamba yeye naye amepima, na gari linapita. Hakuna aliyemjali. Ugomvi ulikuwa umeshanoga, na nusu ya mtaa, waliokuja kusaidia kubeba matofali, walikuwa wameyatua ili wasikie vizuri.

Jambo lenyewe halikuwa na siri. Mama Redio alimjengea mwanawe wa kiume chumba juu ya nyumba, chumba kizuri, chenye madirisha mawili, ila hakikuwa na pa kupandia. Ngazi ya ndani ingepita katikati ya chumba chake mwenyewe cha kulala, na alishasema kwamba usingizi wake si stendi ya mabasi. Ikabaki ngazi ya nje, kwenye uchochoro kati ya nyumba zile mbili, upande wake, kwenye ardhi yake. Haki ilikuwa yake. Fundi Tepu alilijua hilo vizuri sana, na ndilo lililomfanya apaze sauti zaidi, kwa sababu uchochoro huohuo ndio ulikuwa njia pekee ya gari kutoka uani kwake mpaka barabarani.

Na gari lenyewe si gari la kusema basi, tutanunua jingine. Lilikuwa jekundu, dogo, la viti viwili, halina paa, limeinama chini kama linalotafuta sindano iliyoanguka. Bodi yake ilikuwa ya faiba, na chuma kiliwekwa pale tu ambapo hapakuwa na budi, kwa hiyo lilikuwa jepesi kiasi kwamba upepo ukivuma sana Fundi alitoka kwenda kulitazama. Waliokuwa wakiyatengeneza magari ya namna ile waliacha siku nyingi. Wanaoyatamani ndio hawajaacha. Walikuja kutoka mbali, wakaingia duka lake la ushonaji wakijifanya wanataka suruali ipunguzwe, kumbe macho yako uani. Mmoja wao, bwana wa miwani ya jua, alishapunguziwa suruali nyingi hata mtaa ukaanza kumwonea huruma.

Fundi alilipata likiwa limelaliwa na kuku katika ua wa mteja wake, mayai yamejaa kiti cha dereva. Akalivuta nyumbani. Namna ya kusafisha kabureta alijifunza kwa kumuuliza kila mtu aliyemwona na kucha nyeusi. Oili aliibadilisha kabla haijafikiria kuchafuka. Kila Ijumaa aliliwasha, akainamisha kichwa na kulisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua, na Jumapili asubuhi alilitoa likanyooshe miguu. Aliliosha kwa sabuni ya watoto wachanga, akalikausha kwa vipande vya flana. Kuligusa, hapana. "Tazama kwa macho," alikuwa akisema, hata watoto wa mtaa walizoea kupita karibu nalo mikono wameiweka mgongoni.

Kisha akalishonea koti. Flana ndani, turubai nje, vifungo kila upande, na mfuko mdogo ambao mpaka leo haujulikani ni wa nini. Hapo ndipo mtaa ulipolipa gari jina la Bi Mdogo, na mke wa Fundi akawa Bi Mkubwa bila kuulizwa. Mwenyewe alicheka tu. Alisema mke mwenza asiyekula, asiyesema wala asiyeomba kanga, hata wakiletwa wawili yeye hana neno.

"Nisikilize," Fundi Tepu alisema sasa, akaivuta tepu iliyokuwa shingoni mwake, maana hata kulala alilala nayo. "Mimi nimepima watu maisha yangu yote. Kuna aliyerudi hata siku moja akaniambia nguo inambana? Ajitokeze."

Hakujitokeza mtu. Ilikuwa kweli. Nguo za Fundi Tepu hazikuwahi kumbana mtu.

Mama Redio aliona watu wanaanza kuyumba, akabadilisha wimbi. Akasema atampigia simu yule bwana wa miwani aje amchukue Bi Mdogo leo hii kabla tofali la kwanza halijalala. Akasema watu wazima wengine wanaringa na vitoto vya chuma vyenye magurudumu. Mwisho akasema lile ambalo lilinyamazisha uchochoro mzima, kwa sababu kwa Mama Redio hapajawahi kutokea mtu akanyimwa sahani, hata wakusanya kodi.

"Na chakula nilichopika leo kwa walionisaidia," alisema polepole, "wewe usikinuse."

Fundi Tepu akageuka, akaingia kwake.

Mkewe alikuwa mlangoni, shati la mteja mapajani, anatia vifungo. Alikuwa amesikia yote. Kwenye mtaa ule usiposikia kitu ujue umekufa. Aliliweka shati chini, akaenda uani, akasimama mbele ya gari lililovaa koti lake. Akaingiza ngumi kati ya koti na ubavu wa gari. Ikaingia. Akaingiza na ya pili juu yake.

"Linampwaya," alisema.

"Koti halitakiwi kubana. Litachubua rangi."

"Ndiyo. Na ulipopima uchochoro, ulitumia kipimo gani cha gari?"

Fundi aliinua tepu amwonyeshe. Vidole vyake vilikuwa vimeshika tepu kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza akavitazama. Viwili vilikuwa chini ya tepu. Vilikuwa hapo tangu alipoanza kazi. Kila kiuno, kila kifua, kila bega alilolipima katika maisha yake, vidole vile viliingia vyenyewe chini ya tepu, ili mtu apumue, ainame, ashibe. Juu ya hapo aliongeza kidogo kwa ajili ya kufua. Na jana jioni, alipolipima gari ubavu kwa ubavu kwa ajili ya ugomvi huu, alilipima kama mteja.

Mkewe akachukua tepu, akaikaza juu ya boneti bila huruma, akasoma, akamwonyesha. Kisha akarudi kwenye vifungo vyake. "Mimi sijasema kitu," alisema. "Mtaa mzima unaamini vipimo vyako. Ukinyamaza, ngazi haijengwi."

Fundi Tepu alibaki na Bi Mdogo. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Angeendelea na Jumapili zake, na kijana wa jirani angetafuta pa kupanga, mbali. Lakini kijana yule, Fundi ndiye aliyemshonea sare ya kwanza ya shule, akamwachia nafasi ya kukua, na sasa suti ya harusi ilikuwa imetundikwa dukani inasubiri kutiwa mikono tu. Akaanza kufungua vifungo vya koti.

Aliporudi uchochoroni watu walikuwa wanabeba matofali. "Nimekosea," alisema. "Nililiongezea."

"Uliliongezea nini?" Mama Redio aliuliza.

"Nafasi ya kupumua."

Mwashi akapaliwa na chai. Walicheka mpaka mwanamke mmoja akalazimika kushika ukuta. Mama Redio alijitahidi kubaki amekasirika, akashindwa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Hawakutaka maneno tena, walitaka kuona. Mwashi alipanga matofali makavu mahali ngazi itakapokaa, na Fundi akaliwasha gari. Likanguruma kwa raha zake. Akaliingiza uchochoroni taratibu, vioo vya pembeni amevikunja, pumzi ameibana kana kwamba ni yeye aliyepimwa. Kulia ukuta, kushoto matofali, na pande zote nafasi ya kupitisha kiganja. Watu walitembea mbele kinyumenyume wakimwita njoo, njoo, njoo.

Lilipita mpaka mwisho wa uchochoro. Hapo lilitakiwa likate kona kuingia barabarani, na hapo likagoma. Pua ilikuwa nje, mkia ulikuwa ndani, na kidato cha kwanza cha ngazi kimekaa palepale mkia ulipotaka kupita. Alirudi nyuma, akajaribu tena. Likagoma tena.

Wote wakamgeukia mwashi.

"Mimi nilipima upana," alisema, akitazama kikombe chake. "Kona sikuipima."

Fundi Tepu alizima injini. Mama Redio alimtazama mzee wa watu alivyokaa mle, usukani ameushika kwa mikono miwili, akatazama na chumba cha mwanawe kule juu. Akashusha pumzi. "Mwashi, yaondoe," alisema. "Ngazi ipite ndani. Nitalala na stendi yangu."

Fundi aliachia usukani. Alikuwa anasikia uzito wa gari chini yake, yaani anausikia haupo. Miaka yote alilifurahia kwa ajili ya wepesi huo, na hakuwahi kuuliza wepesi huo unaweza kufaa nini zaidi. Akashuka. Akakichukua kitambaa cha flana begani, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Lishikeni," alisema.

Walitazamana.

"Gari?" aliuliza kijana wa Mama Redio.

"Mkiani. Chini ya bampa, si juu. Na wewe mwenye pete, ivue."

Walikuja wengi kuliko nafasi iliyokuwepo, maana kila mmoja alikuwa ameisubiri ruhusa hiyo miaka. Mama Redio mwenyewe alijipenyeza katikati. Wakahesabu, wakanyanyua, na Bi Mdogo akaondoka chini kama sinia la vikombe, mkia ukaelea juu ya kidato, ukatua barabarani bila mkwaruzo. Mtu mmoja nyuma alisema hajawahi kubeba mke wa mtu mwepesi hivi. Bi Mkubwa, akiwa dirishani, alisema na hatabeba mwingine.

Mama Redio hakungoja kukaribishwa. Aliingia kiti cha abiria, akajifunga kanga kichwani, wakazunguka mtaa mzima, naye akisalimia kila mlango, hata wa watu asioongea nao. Waliporudi alikuwa na habari za kutosha wiki nzima.

"Kila Jumapili itabidi linyanyuliwe," Fundi alisema, amesimama kando ya gari. "Kutoka na kuingia. Nitahitaji watu."

"Watu?" Mama Redio alishangaa kweli. "Nyumba yangu iliwahi kukosa watu? Waje Jumapili wanyanyue, wakimaliza nawalisha."

Kutoka nyumbani kwa Mama Redio ilikuja harufu ya nyama na vitunguu, na kelele za sahani zikigawanywa. Wengine walikuwa wameshaanza kunawa. Fundi Tepu alilitazama gari. Mkia wote ulikuwa umejaa alama za viganja, vikubwa kwa vidogo, vyenye vumbi la matofali. Mkono wake ukaenda mfukoni kwenye flana.

Mama Redio alikuwa amefika mlangoni kwake. Akageuka, akamwona.

"Liache hilo, halina njaa," alisema. "Mwite na Bi Mkubwa. Ingieni mle."