Maji ya Kuachanisha

Mke alikuwa akimfunga mumewe kifungo cha shati asubuhi ya Alhamisi, viganja vikagusana, na mkono wake wa kulia ukaganda kwenye wa kushoto wa mume. Mume akavuta, haukutoka. Wakaendelea kunywa chai kwa mikono iliyobaki, maana ilikuwa inapoa.

Mke alikijua kinachotokea. Kazi yake maabara ilikuwa kutazama viinitete vya chura kwa hadubini. Yai likishagawanyika, seli changa hushikana, kisha hufunga mshono usiopitisha hata maji, halafu hufungua vinjia vidogo vya kupitishana vitu. Zisiposhikana, kiinitete hakifiki popote. Vyake mwenyewe havikufika. Madaktari hawakusema kosa ni la nani. Mama mkwe alisema, na Jumamosi mume alikuwa anaoa mwanamke mwingine.

"Achaneni basi, wanangu," alisema mama mkwe, akiwakatia mkate. "Bwana harusi haendi kwa watu na mke kamning'inia."

Jioni waliosha vyombo pamoja. Maji hayakupenya kati ya viganja.

Kesho yake vinjia vikafunguka. Mume alikuwa ananyoa ndevu akaanza kulia, yeye ambaye hakuwahi kulia hata siku moja. Kilikuwa kilio cha mkewe, cha watoto ambao hawakupewa majina. Mke akangoja cha mumewe kije upande wake. Ikaja hamu ya Jumamosi. Akajikuta anaifurahia suti, moyo unamwenda mbio kwa mwanamke asiyemjua. Akatafuta kingine chochote humo ndani, hata kidogo, hakukuwa na kitu. Iliuma kuliko mimba zote zilizoharibika.

"Siwezi kubeba hiki," alisema mume. "Kwani kazini kwenu hakuna dawa?"

"Ipo. Ni maji yaliyotolewa kalsiamu. Seli zikikaa humo zinaachiana."

Angeweza kusema yamekwisha. Wakaenda maabara, mlinzi akawaandika kama mtu mmoja, akawafungulia. Mke akatengeneza maji, akamimina polepole juu ya viganja. Vidole vikaachia kimoja kimoja, vya mume vikitangulia.

Machozi ya mume yakakauka palepale. Akakunja ngumi, akakunjua, akaridhika.

"Asante, mke wangu," akasema kwa mazoea. "Hivi suti imepigwa pasi?"

Ilikuwa imepigwa. Aliipiga mke asubuhi, kwa mkono wa kushoto.