Minazi ya Nyevu

Mara tatu wiki hiyo mzee Gona alikutwa alfajiri kwenye minazi ya jirani yake, Nyevu, kifua wazi, mikono ikipapasa shina na mdomo ukinong'ona maneno ambayo hakuna aliyeyasikia vizuri. Mara ya tatu Kalama, mwana wa Nyevu, alimrudisha nyumbani kwa kumsukuma, akamwambia Kadii kwamba ya nne hatamrudisha. Hakueleza zaidi. Huku Magarini mzee akishaanza kunong'onwa kuwa ni mchawi, wapo waliokatwa mapanga kwa madogo kuliko hayo.

Kadii alikuwa mkaza mwana wa mzee. Mumewe alikuwa kazini Mombasa, akipiga simu kila Jumapili kuuliza kama baba anakula. Anakula, ndiyo. Kama ataifikia Jumapili ijayo, hilo hakuuliza.

Daktari wa Kilifi alikwisha kuwaambia kwamba ni ugonjwa wa ubongo, unaomwondolea mtu kumbukumbu kidogo kidogo. Muuguzi mmoja, Jedida, akamwingiza Kadii kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wanaouguza wazazi wenye maradhi hayo. Kwa miezi miwili Kadii alipanda kichuguu nyuma ya kanisa, penye mtandao, akasikiliza sauti za wenzake na kulia nao, lakini yeye hakusema neno. Aliona haya. Mambo ya baba mkwe hayatolewi nje, tena kwa watu usiowajua hata sura.

Siku hiyo haya zilimwisha. Asubuhi alikuwa ameufunga mlango kwa kufuli, na mzee akaukwaruza mpaka kucha zikatoka damu, huku akilia kama mtoto aliyeachwa. Kadii akarekodi yote kwa pumzi moja: minazi, Kalama, kufuli, kucha. Akauliza afanye nini.

Majibu yalikuja mengi, na mengine, tusifichane, hayakuwa na kichwa wala miguu. Mmoja alimshauri ajenge ukuta, kana kwamba mawe huota. Kisha Nyokabi, mama mmoja wa Kilifi mjini, akatuma sauti. Mama yake aliuza nyanya sokoni maisha yake yote, na sasa kila alfajiri huamka kupanga nyanya zisizokuwapo. Wakimzuia hulia, wakimpa viazi avipange, hutulia.

"Dada," akamalizia, "mzee wako saa hizo zamani alikuwa wapi?"

Kadii aliketi pale pale juu ya kichuguu. Mzee alikuwa mgema. Kwa miaka thelathini aliipanda minazi ile ile ya Nyevu, alfajiri na jioni, kuteremsha tembo, pombe ya mnazi. Kisha familia ikaokoka, vibuyu vyake vikachomwa moto, na tangu hapo kazi ile haikutajwa tena nyumbani, kana kwamba mzee aliwahi kufungwa jela. Kadii aliolewa baada ya hapo, akaisikia mara moja tu, kwa minong'ono. Hata daktari alipouliza mzee alifanya kazi gani, mumewe alijibu kwamba ni mkulima.

Jioni alikwenda kwa Nyevu kumweleza. Nyevu hakumfungulia. Alipompigia Jedida, Jedida alimwambia asimfungie mzee tena, na asimwache atoke peke yake; afuatane naye.

Alfajiri Kadii akafungua kufuli, akamfuata mzee hatua kwa hatua. Kalama alikuwa tayari chini ya mnazi, panga mkononi. Nyevu, mama yake, alisimama nyuma yake, kajifunga leso.

"Ni mgonjwa," Kadii akasema. "Anakuja kugema. Mama Nyevu, wewe wajua. Minazi hii ilikuwa yake kuigema."

Nyevu alijua sana, na uso ulimsawijika kwa aibu, maana siku zote zile hofu haikumwacha akumbuke jambo alilolishuhudia kwa miaka thelathini. Mzee hakuwa na habari nao. Alipapasa shina mpaka vidole vikapata vidato, zile ngazi alizozichonga mwenyewe, akaanza kuvihesabu kwenda juu: kimoja, viwili, vitatu. Maneno yaliyowanyima watu usingizi yalikuwa hayo tu.

Kisha akageuka, akamwona Kalama, na uso ukamchangamka kwa kumwona rafiki.

"Baba Kalama," akasema, "jana nimemkuta mwanao huko juu, katikati ya mnazi, analia. Nimemshusha. Ni mtoto tu, usimpige."

Baba yake Kalama alikufa zamani. Kalama mwenyewe ana ndevu na watoto wanne. Aliinua macho, akaangalia katikati ya mnazi kwa kitambo kirefu. Siku ile aliyoshushwa na mzee alikuwa na miaka sita, na hakuwahi kumsimulia mtu. Nyevu alikuwa ameanza kulia. Kalama akaliweka panga chini taratibu, mzee asije akashtuka.

"Sitampiga, mzee," akasema.