Banda la Unga wa Manjano

Nilimwambia Tsuneo asikanyage kule, akacheka. "Mama mdogo nawe! Vita viliisha zamani. Mimi napanda uyoga tu."

"Kapande chooni," nikamjibu. Nilikuwa na hasira kweli.

Kiwanda kile cha mabomu, bondeni nyuma ya mianzi, ndicho kilichomla mama yake. Dada yangu Itsue na mimi tulifanya kazi humo na wasichana wa vijiji vyote hivi, tukijaza unga wa baruti kwenye makombora mpaka mikono ikageuka manjano. Mlangoni unavua viatu, unatoa vibanio vyote vya nywele, unaingia peku. Chuma marufuku, kisije kikatoa cheche; hata nyundo zetu zilikuwa za mti. Siku moja kibanio kilisahaulika kichwani mwa mtu, kikaanguka sakafuni. Basi. Itsue hatukupata cha kuzika, tukazika ndara zake. Tsuneo alikuwa bado ananyonya, nikamlea mimi.

Tuliposhindwa vita, wanajeshi walifagia mabanda yaliyosalia, wakafunga lango, wakaenda zao. Ofisi ya kijiji ikasema pamesafishwa. Pamesafishwa na nani, kwa ufagio?

Asubuhi moja naanika figili, nikasikia ko, ko, ko kutoka bondeni. Tsuneo na mkewe Kinuyo walikuwa wanatoboa magogo ya kupandia uyoga ndani ya banda mojawapo la kiwanda, kwa nyundo ya chuma. Jamani! Niliziacha figili chini nikakimbia.

Mlangoni miguu ikanigomea. Unaamini? Mwanangu yumo ndani, na mimi nimesimama navua viatu, nahangaika kutoa vibanio kwenye mvi zangu. Nikapiga ukelele: "Tsuneo! Weka nyundo! Toka!"

Mlio ukakoma. Akatoka mzima, anacheka. Nikamkumbatia huku nalia na kumtukana.

"Taratibu, mama mdogo, utaniangusha! Hebu tazama, vumbi gani hili? Tumeng'oa mbao za sakafu, limejaa tele chini yake. Naosha halitoki."

Akanyoosha mikono. Ilikuwa ya manjano, kama ya mama yake.

"Kinuyo yuko wapi?"

"Si yumo ndani? Nimemwachia nyundo amalizie gogo la mwisho."

Nilikuwa nimemwita Tsuneo peke yake. Nikafungua mdomo nimwite na Kinuyo, na ndani ya banda nyundo ikaanza tena.