Pigo la Mbele

Sunaina alikuwa ameandika riwaya nne za Kihindi, na kijijini kwao karibu na mji wa Ballia hakuna aliyewahi kufungua hata moja. Magazeti yalipotangaza kwamba ya nne inamsimulia kabaila aliyemuua mfua nguo, ghafla kila mtu akawa mhakiki. Sunaina alipokuja kumjulia hali wifi yake Budhiya, vijana wa Thakur Ranbahadur, kabaila wa kijiji hicho, walimburuta kwa nywele mpaka uani kwa bwana wao, wakammwagia wino usoni na kumvika shada la viatu vikuukuu. Kijiji kizima kiliitwa kutazama.

Budhiya alisimama mbele. Mumewe Lallan, kaka yake Sunaina, alitoweka zamani baada ya kugoma kumfulia Thakur bure, na hakuna aliyethubutu kumwambia mkewe alikoishia. Hata Sunaina hakujua. Kitabu kizima alikiandika kwa kubahatisha.

"Kitafune," Ranbahadur alisema, akimtupia kitabu. "Halafu useme ni uongo."

"Sisemi."

Fimbo ikamshukia mkono wa kulia, mfupa ukalia ka! Ya pili ikamng'oa meno. Budhiya akajirusha katikati, akapigwa teke la tumbo.

"Sema, wifi yangu!" alilia chini mavumbini. "Sema tu, hawa watakuua!"

Sunaina akatema damu. Kwa ajili ya wifi yake, akasema. "Ni uongo. Nimetunga yote."

Ingeishia hapo, lakini kiburi hakijui kushiba.

"Tena uongo mchafu!" Ranbahadur alifoka. "Eti Thakur kamchoma kisu mgongoni, gizani, kama kibaka! Ukoo wetu haumpigi mtu kwa nyuma. Mimi nilimwita kwa jina, mchana kweupe, pale kwenye tanuri la matofali. Akageuka, nikampasua uso kwa shoka!"

Baba yake mdogo alimziba mdomo, maji yakiwa yameshamwagika. Sunaina alielewa kwamba ameupata ukweli alioutafuta miaka yote, na ulimuuma kuliko mkono.

Budhiya alitambaa mpaka miguuni pa Thakur. Hakumtukana, hakumlaani.

"Ulipomwita, bwana," aliuliza, "aliitika? Maana mimi namwita kila siku, haitiki."