Kamera ya Nyuma ya Mzee Projestus

Ubishi wa Mzee Projestus ulikuwa na cheti. Miaka thelathini na moja aliendesha magari ya wizara, toka Bukoba mpaka Mtwara, akastaafu bila kukwaruza hata kioo cha pembeni, na mtu yeyote aliyewahi kukaa naye robo saa pale Boko alikuwa ameshaisikia habari hiyo, wengine mara tano. Kwa hiyo siku aliyorudi nyuma na Noah ya binti yake akaisaga meza ya vitumbua ya Mama Najat, jirani wa geti la pili, hakukubali kabisa kwamba kosa ni lake.

"Gari hili nyuma halionyeshi kitu," aliwaambia majirani waliokusanyika. "Limeundwa vibaya tangu kiwandani."

Bahati nzuri, Mama Najat alikuwa ameingia ndani kufuata sukari. Angekuwa kwenye kigoda chake, watu wangesimulia mengine. Auleria, binti wa mzee, alikwenda kuomba radhi, na jioni ile ile akaamua: gari litafungwa kamera ya nyuma na skrini ya mbele, baba yake asihangaike tena. Mzee alikubali upesi kuliko kawaida yake. Upesi ule ungemshtua mtu, lakini Auleria alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hachunguzi.

Ukweli aliujua mzee peke yake. Baada ya Pasaka alijipeleka kliniki ya macho, na daktari akamwambia pasipo kuzunguka kwamba ana presho ya macho. La kulia lilikuwa limeshakwenda, la kushoto linafuata. Alipewa dawa ya matone na akaambiwa aache kuendesha kuanzia siku ile. Dawa akaipokea. Karatasi ya daktari akaichana vipande vipande akaitupa chooni, akarudi nyumbani akashika funguo kama kawaida.

Msimlaumu haraka. Au mlaumuni, lakini msikilizeni kwanza. Mke wake alipofariki aliiacha nyumba yake Muleba akaja kukaa kwa binti, na mkwewe yuko machimboni Geita, anakuja mara mbili kwa mwaka. Auleria anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda ofisini mjini. Wajukuu wawili, Clara wa darasa la nne na Allen wa chekechea, nani awapeleke shule kule Wazo? Babu. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inamfanya aamke, anyoe ndevu, avae shati lenye kola. Akiondolewa funguo anabaki mzee wa kuletewa chakula kwenye sinia na kuulizwa kama ameshiba. Aliliogopa jambo hilo kuliko kaburi.

Sasa, mtu asiyeona anafikaje Wazo katikati ya malori ya saruji? Hapo ndipo penye aibu. Clara alikaa kiti cha mbele, na babu alimpa cheo, akamwita utingo wake. "Utingo, nipe barabara," husema mzee, na mtoto huanza: lori mbele, babu, bodaboda kushoto, tuta, mama anavuka, simama. Mwanzoni ulikuwa mchezo. Siku hizi Clara hakuwa anacheka. Alikaa mbele kabisa ya kiti, mikono juu ya dashibodi, na akifika shule mgongo wa shati lake umelowa jasho. Hakumwambia mtu. Babu hakumkataza kusema, na hakumruhusu pia.

Mzee aliiwekea kamera matumaini makubwa, ya kitoto kabisa. Alijiambia kwamba skrini itakuwa karibu na uso, ina mwanga wake yenyewe, itamletea dunia pale pale puani.

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi. Jina lake Twaha, fundi umeme wa magari mwenye banda lake Tegeta, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye heshima.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Usinitobolee gari ovyo."

"Ondoa shaka, mzee. Tundu moja tu, tena dogo."

Twaha alibandua plastiki za buti, akapitisha waya chini ya zulia mpaka mbele, akauunga mwingine kwenye taa ya rivasi, ili kamera iwe inawaka yenyewe kila gia ya nyuma inapoingia. Skrini akaibandika juu ya dashibodi. Noah ilikuwa imeelekea nyumba, matako yake yakitazama geti, lile geti la bluu ambalo Auleria alilipaka rangi mwaka jana. Mzee alikaa nyuma ya usukani tangu mwanzo, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Mzee wangu, hebu washa swichi, utie rivasi," Twaha aliita kutoka nyuma, nusu ya mwili imo ndani ya buti. "Injini usiwashe."

Mzee alifanya hivyo. Mbele yake kitu kikawaka. Aliinamisha uso, akakodoa jicho la kushoto, na moyo ukamruka kwa furaha, maana aliona. Rangi ya bluu, safi, pana, inang'aa!

"Skrini imewaka?"

"Imewaka!"

"Inaonyesha nini?"

"Geti!" alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudishiwa mali yake. "Naliona geti letu lote. Mpaka kufuli naliona!"

Nyayo za fundi zikaja taratibu mpaka dirishani. Twaha aliitazama skrini. Ilikuwa bluu tupu, kama skrini yoyote ambayo haijapata picha. Mkononi alikuwa ameshika plagi ya njano, ile ya kuleta picha.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "kamera bado sijaichomeka."

Mzee Projestus alihisi baridi, na jua la saa nne lilikuwa linampiga mkononi. Alijaribu kucheka. Kicheko kikakataa katikati.

"Nilikuwa nakutania."

"Sawa, mzee." Twaha hakuondoka. "Mama Clara anajua?"

"Ajue nini?"

"Mie siwezi kukufundisha kitu, mzee. Wewe ni sawa na baba yangu. Ila unapakia watoto."

"Maliza kazi uliyoitiwa," alisema mzee. Alitaka iwe amri, ikatoka kama ombi, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Twaha alirudi nyuma akachomeka plagi. Mzee aliona bluu ikitoweka na mahali pake pakajaa ukungu wenye mabaka, yanayotikisika. Ndiyo dunia aliyoingoja. Haikuwa tofauti na ile ya dirishani.

Auleria alitoka ndani, Allen kamshika kanga, akafurahi kukuta kazi imekwisha. Clara alishuka barazani mbio, akaingia kiti cha mbele bila kuitwa, kama alivyozoea.

"Wewe, nenda nyuma," mama yake alimwambia. "Kuanzia Jumatatu unakaa nyuma na mwenzio. Babu sasa ana kamera yake."

Clara hakushuka. Alimtazama babu yake.

"Haya Baba, washa tujaribu," alisema Auleria, na tayari alikuwa anakwenda nyuma ya gari na Allen. Walisimama karibu na geti. "Fundi, si kuna mistari kwenye skrini? Baba, njoo taratibu, tukifika kwenye mstari mwekundu unasimama. Unatuona?"

Alimwamini hivyo. Miaka thelathini na moja bila mkwaruzo. Hakuona ajabu kusimama na mtoto nyuma ya gari la baba yake.

Mzee aliwasha injini, akatia rivasi. Mguu wa mzee ulikuwa kwenye breki. Alitazama skrini mpaka jicho likatoa machozi, na hakupata mtu, alipata mabaka.

"Baba! Unatuona?"

Hapo Clara akasogea karibu, midomo haichezi sana, sauti ndogo ya mtu aliyeizoea kazi yake.

"Mama yuko kulia, babu. Kavaa kanga nyekundu. Allen yuko kushoto, anapunga mkono." Akaitazama tena skrini. "Fundi kaja kasimama katikati. Kasimama karibu sana, kaweka mikono kwenye buti."

Mzee alielewa kwa nini fundi amesimama pale. Kijana wa watu, mgeni kabisa, alikuwa ameshindwa kumvunjia heshima kwa mdomo, akaona heri aweke mwili wake mbele ya mtoto. Na huyu mwingine, wa miaka kumi, alikuwa anamnong'onezea majibu kama mwanafunzi anayemsaidia mwenzake kuibia mtihani. Mzee Projestus alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia mtu.

Alizima gari. Alichomoa funguo.

"Siwaoni," alisema.

"Nini?"

"Siwaoni, Auleria."

Auleria alikuja dirishani akicheka. "Jamani fundi, kamera mpya hiyo, imeshakufa?"

"Inawezekana, dada," Twaha alisema haraka, bila kuinua macho. "Labda waya umelegea. Nitaibandua niangalie upya, gari lisitoke kwanza."

Ulikuwa mlango wa kutokea, tena fundi ameufungua kwa gharama ya jina lake. Mzee angeweza kupita. Angepata wiki moja, pengine mbili.

"Usijisingizie, mwanangu," alisema. "Kamera ni nzima. Mimi ndiye sioni. Daktari aliniambia baada ya Pasaka niache kuendesha."

Alinyoosha mkono wenye funguo nje ya dirisha. Zilikaa pale hewani, hakuna aliyezipokea.

"Baada ya Pasaka," alirudia Auleria. Mwezi ulikuwa Septemba. "Na shule? Kila siku umewapelekaje shule?"

Jibu alilitoa Clara, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mie namwambiaga, mama. Lori, bodaboda, tuta. Mie ndio naangaliaga."

Auleria hakupiga kelele. Mzee alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alisikia mlango wa upande wa pili ukifunguliwa, mtoto akishushwa, kisha akasikia viganja vya binti yake vikimpapasa Clara kichwani, mabegani, kiunoni, miguuni, kila mfupa, na kurudi kuanza tena juu, kama mtu anayemkagua mtoto aliyetoka kuchomolewa kwenye ajali.

"Mie mzima, mama," Clara alikuwa anasema. "Mama, mie mzima."